Ovaroli au shati na suruali? Kuchagua sare ya wahudumu wa ambulensi

Sare ya ambulensi huchaguliwa vibaya kwa sababu moja kubwa: huchaguliwa dukani, ikiwa imevaliwa na mtu aliyesimama wima. Kazi yenyewe haifanywi hivyo. Mhudumu hupiga magoti kwenye lami, huchuchumaa kuinua machela, hujikunja ndani ya gari linaloyumba, kisha saa tisa usiku anatakiwa avue nguo iliyolowa damu bila kujipaka usoni. Vazi likishindwa hapo, hata liwe zuri namna gani kwenye picha ya uzinduzi, halikuwa sare ya kazi hiyo.

Ulinganisho huu ni kwa mwenye kituo, hospitali ya wilaya au kampuni ya ambulensi ya Afrika Mashariki anayekaribia kumpa fundi oda. Tutangulize msimamo wetu. Kwa timu nyingi, suruali ya kazi na shati lenye zipu mbele, pamoja na kizibao cha reflekta cha kuvaa juu, ndiyo sare bora. Ovaroli ina nafasi yake, ila ni nafasi finyu. Fulana ya kola iachwe kwa ofisi na mafunzo.

Ovaroli

Sifa ya ovaroli ni kwamba haina kiuno cha kufunuka. Mhudumu akiinama kumtoa majeruhi chini ya lori, mgongo haubaki wazi, na vipande vya kioo havipati pa kuingilia. Huvaliwa upesi juu ya nguo nyingine, na mikanda ya reflekta ikishashonwa mwilini, mikononi na miguuni haisahauliki kituoni. Kwa timu inayofanya uokoaji barabarani, ile inayoshika misumeno ya kukatia mabodi ya magari, hatuna ubishi: ovaroli ndiyo yao.

Kwa wengine matatizo huanza chooni. Kwenda haja kunataka kuvua nusu ya juu yote, na mikono ya ovaroli huangukia sakafu ya choo cha hospitali, ambayo mara nyingi ina maji. Kisha mikono hiyohiyo inarudi kumgusa mgonjwa. Kwa mwanamke aliye kazini saa kumi na mbili mfululizo, hili si jambo dogo. Wengine huacha kunywa maji ili wasiende, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam hiyo ni njia ya kujiletea kizunguzungu na maradhi ya njia ya mkojo.

Tatizo la pili ni kuchafuka. Damu ikimwagika begani, ovaroli nzima inatoka kazini. Mwenye shati na suruali hubadilisha shati peke yake akaendelea.

La tatu ni vipimo. Mafundi wengi hupima kifua, kiuno na urefu wa mguu, wakasahau kipimo kinachoamua ovaroli yote: kuanzia juu ya bega, kushuka kifuani, kupita msambani na kurudi mgongoni hadi begani palepale. Kipimo hicho kikiwa kifupi, mtu akichuchumaa ovaroli humkaba msambani na mshono hupasuka. Mpime akiwa ameinama, kisha ongeza sentimita 6 hadi 8 za kupumulia. Mwambie fundi aweke kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi msambani badala ya kukutanisha mishono minne mahali pamoja, maana pale inapokutana ndipo panapofumuka kwanza.

Zipu iwe ya kufunguka juu na chini. Pwani, epuka zipu za chuma cha kawaida, kwani chumvi ya hewani huzishika kutu na baada ya msimu mmoja hazisogei. Zipu ya plastiki ya meno makubwa, namba 5 au 8, hudumu zaidi mradi pasi isiipitie.

Fulana ya kola

Ni rahisi, ni nyepesi, na wahudumu wanaipenda. Kasoro yake ni moja na inatosha kuikataa kwenye gari: huvuliwa kwa kupitishwa kichwani. Mhudumu amempokea mgonjwa anayetapika damu, kitambaa kimelowa kifuani. Akiivua kwa njia ya kawaida, sehemu iliyolowa inapita mdomoni, puani na machoni. Njia salama ni mwenzake kuikata mgongoni kwa mkasi wa nguo, kuanzia pindo hadi kola, kisha ivuliwe kwa mbele kama koti lililogeuzwa. Kwa hiyo kila tukio la damu linakula fulana moja.

Shati na suruali

Shati la kufunguka mbele lote hutoka mwilini kwa kushushwa mabegani, nje ikikunjiwa ndani, bila kugusa uso. Hapa chaguo ni kati ya vifungo vya kawaida, vifungo vya kubonyeza na zipu. Vifungo vya kawaida vinataka vidole vikavu na utulivu, vitu viwili ambavyo mhudumu hana. Vya kubonyeza huachia kwa mvuto mmoja, lakini fundi akivigonga kwenye kitambaa chembamba bila kukitia kitambaa cha pili nyuma yake, hung'oka na kuacha tundu. Zipu iliyofichwa chini ya utepe wa kitambaa ndiyo tunayoipendekeza: haikwaruzi mgonjwa anapobebwa, na shati linabaki nadhifu.

Mkia wa shati uwe mrefu, sentimita 10 zaidi ya shati la ofisini, ili usichomoke mtu anapoinama. Hilo ndilo jibu la ile faida ya ovaroli tuliyoitaja, na linagharimu kipande kidogo tu cha kitambaa.

Suruali ndiyo inayobeba kazi. Magoti yawe ya kitambaa maradufu, yenye mdomo kwa chini wa kuingizia sifongo. Mfuko wa mkasi ushonwe ubavuni mwa paja, kamwe usiwe nyuma. Mkasi wa nyuma humchoma dereva kila anapokalia kiti, na baada ya miezi michache hutoboa kiti chenyewe. Mifuko ya pajani iwe na vifuniko, lakini isizidi miwili. Kila mfuko unaoongezwa hujazwa glovu zilizotumika, vikaratasi na chenji, na suruali iliyotuna pande zote humfanya mtu aonekane mzembe hata kama ameiva kikazi.

Ulizeni pia kuhusu wanawake kabla ya kukata. Suruali ya kiume ya saizi ndogo si suruali ya kike: hubana nyonga na kupwaya kiunoni, kisha mvaaji anashinda akiipandisha mbele za watu. Mjamzito apewe ya kiuno cha lastiki mapema, asisubiri mpaka zipu igome.

Wanaovaa hijabu, ambao pwani na Visiwani ni wengi, wanahitaji ya kuvuta ya kitambaa cha kunyumbuka, isiyo na pini, ncha zake zikiwa ndani ya kola. Pini humchoma mwenyewe au mgonjwa, na ncha inayoning'inia hushikwa na mgonjwa aliyechanganyikiwa. Kama sheria ya kituo ni mikono wazi chini ya kiwiko ili mhudumu anawe vizuri, mvaaji wa mikono mirefu apewe shati ambalo mkono wake hukunjika na kubanwa juu ya kiwiko wakati wa kumhudumia mgonjwa, au mikono ya plastiki ya kutupa juu yake.

Kitambaa: pamba, mchanganyiko au poliesta tupu

Pamba tupu hufyonza jasho na haiyeyuki kwenye joto, lakini hunywea, hupauka, hukunjamana, na wakati wa masika haikauki usiku mmoja. Poliesta tupu hukauka haraka, ila hushika harufu ya jasho na huwa kama tanuri mchana. Mbaya zaidi, ikikaribia moto huyeyuka na kunata ngozini. Kwa anayefika kwenye gari linalofuka moshi, tunasema hapana.

Mchanganyiko wa poliesta 65 kwa pamba 35 ndio wa kati na ndio unaofaa wengi. Nao si wa kwenda nao motoni, lakini hushika rangi, hukauka upesi na hukubali pasi. Chukua uzito wa gramu 150 hadi 180 kwa mita ya mraba kwa shati, na 220 hadi 260 kwa suruali. Chini ya hapo shati la rangi nyepesi likilowa jasho huonyesha ngozi. Juu ya hapo suruali inakuwa turubai.

Muuzaji akisema ni pamba, mwombe nyuzi chache kutoka ukingoni mwa jora, zishike kwa kibanio na uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu ambacho hakisagiki kwa vidole. Mchanganyiko hufanya yote mawili: huwaka, kisha huacha chembe ngumu ndani ya majivu.

Nunua vitambaa vya oda nzima kutoka majora yaliyotiwa rangi kwa mkupuo mmoja. Ukirudi baada ya miezi mitatu kutafuta "bluu ileile", utapata bluu nyingine, na timu itaonekana kama imetoka kampuni mbili. Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150, shati la mikono mirefu hula karibu mita 1.75 hadi 2, suruali yenye magoti maradufu mita 1.5, na ovaroli mita 3 hadi 3.5. Uzi wa kushonea uwe wa poliesta, maana ule wa pamba huoza kwa jasho na klorini kitambaa kikiwa bado kizima.

Rangi

Nyeupe huonyesha usafi, na mgonjwa huihusisha na daktari. Lakini barabarani haidumu safi hata saa moja, na Tanzania weupe ni wa trafiki: dereva anayemwona mtu mwenye shati jeupe kando ya ajali hufikiria leseni yake kwanza.

Bluu iliyokolea huficha madoa, na wengi huiona kuwa sifa. Sisi tunaiona nusu ya hatari. Damu iliyokauka kwenye shati la bluu nzito haionekani, kwa hiyo mhudumu hupanda nayo daladala, hufika nayo nyumbani na kumbeba mtoto. Isitoshe, katika miji mingi ni rangi ya walinzi, na Kenya polisi walipewa bluu mwaka 2018. Kwenye vurugu, kudhaniwa askari kunaweza kumgharimu mhudumu maisha.

Kijani kilichokolea ndicho kinachovaliwa na huduma za ambulensi za Uingereza, na kule kinaeleweka na kila mtu. Kwetu, kijani chenye mifuko ya kombati, bereti na suruali iliyochomekwa kwenye buti kinasomeka kama jeshi. Mabakamaba yasifikiriwe kabisa. Sheria zetu zinayazuia kwa raia. Na maruni, kwa Kenya, ni ya makondakta wa matatu.

Kwa hiyo tunapendekeza suruali ya bluu iliyokolea au nyeusi, na shati la rangi nyepesi ambayo hakuna kampuni ya ulinzi wala shule iliyo nayo katika mji wako. Damu inaonekana mara moja kwenye shati, na suruali inastahimili vumbi. Kabla ya kuamua rangi, mtu azunguke stendi na sokoni asubuhi moja aandike nani anavaa nini. Kazi ya saa mbili hiyo huokoa aibu ya miaka.

Reflekta: kizibao au mkanda ulioshonwa

Vitu viwili huchanganywa hapa. Kitambaa cha njano kali au chungwa hufanya kazi mchana, kwa mwanga wa jua, na alfajiri. Usiku chini ya taa ya barabarani hakisaidii kitu. Mkanda wa fedha hufanya kazi usiku, kwa kurudisha mwanga wa taa za gari kule ulikotoka. Sare inahitaji vyote viwili.

Kiwango cha kimataifa cha EN ISO 20471 hugawa mavazi haya madaraja matatu. Daraja la 2 linataka angalau mita za mraba 0.50 za kitambaa cha rangi kali na 0.13 za mkanda. Daraja la 3 linataka 0.80 na 0.20. Upana wa mkanda usipungue milimita 50. Kizibao cha kawaida kikiwa halisi hufika daraja la 2, kinachotosha mjini. Barabara kuu ambako mabasi hupita kwa kasi inahitaji daraja la 3, ambalo halifikiwi bila mikono au suruali yenye mikanda.

Hata penye kizibao, shona mkanda mmoja kuzunguka kila mguu wa suruali, chini ya goti. Mhudumu aliyepiga magoti hukunja kizibao chake na mkanda wa kifuani hufichwa na mwili wa mgonjwa. Kinachobaki mbele ya taa ni miguu. Tena miguu inayotembea humwambia dereva kwamba yule ni mtu, si kibao cha barabarani.

Kwa nini kizibao na si mkanda ulioshonwa kwenye shati? Kwa sababu ya kufua. Mkanda hufa kwa klorini, kwa pasi na kwa kusuguliwa, wakati shati ni lazima lifuliwe kila siku. Kizibao hufuliwa kwa nadra zaidi, na lebo yake husema kinavumilia mara ngapi, kwa kawaida 25 au 50.

Vizibao bandia ni vingi. Kipime gizani: simama hatua kumi, washa tochi ya simu na uishike kando ya jicho lako, si kifuani. Mkanda halisi utawaka mweupe kama taa. Utepe wa kijivu uliopakwa rangi utabaki kijivu. Ukishika tochi mbali na jicho, hata mkanda halisi utaonekana hafifu, kwa kuwa mwanga unarudi kwenye tochi na si kwako.

Bodaboda nao huvaa vizibao, kwa hiyo rangi peke yake haimtambulishi mtu. Mgongoni iandikwe kwa Kiswahili, AMBULENSI au HUDUMA YA DHARURA, herufi nyeusi za sentimita 5 hadi 7 zisizofunika mkanda. Madereva wa jamii wanaobeba akina mama chini ya mpango wa m-mama wa Tanzania, wanaopigiwa kupitia namba 115, hawahitaji sare kamili. Kizibao halisi chenye maandishi kinawatosha.

Nembo na majina

Msalaba mwekundu kwenye mandhari nyeupe si alama ya hospitali wala ya ambulensi kwa jumla. Unalindwa na Mikataba ya Geneva, pamoja na hilali nyekundu, na kampuni binafsi haina ruhusa ya kuudarizi. Nyota ya bluu yenye mikono sita iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970 ndiyo inayotumika mahali pengi kwa huduma za dharura. Fundi wa kudarizi aonyeshwe picha: katikati ni fimbo moja na nyoka mmoja. Fimbo yenye mabawa na nyoka wawili ni alama ya Hermes, mungu wa biashara wa Wagiriki wa kale, na tumeshaiona kwenye sare nyingi mno.

Darizi hudumu kuliko chapa ya joto, ambayo hupasuka pasi ikiipitia. Beji ya velkro inabadilika kirahisi, lakini meno yake hukusanya nyuzi na uchafu na ni shida kuyasafisha. Cheo kidariziwe kama kilivyo. Dereva aandikwe dereva. Kumpa neno la mhudumu wa dharura ili gari lionekane limejaa wataalamu ni kumdanganya mgonjwa. Kamba ya kitambulisho shingoni iwe ya kuachia ikivutwa.

Buti

Raba za michezo hunywa damu. Gambuti ni za mafuriko. Buti la ngozi la daraja la S3, lenye kinga ya vidole ya jouli 200 na soli isiyotoboka, ndilo la kazi. Kinga isiyo ya chuma ni nyepesi zaidi kwa atakayesimama siku nzima. Zipu ya ubavuni husaidia simu inapolia usiku. Suruali ishuke juu ya buti. Ukiichomeka ndani, unatengeneza mfereji wa kuingizia damu na matapishi kwenye soksi.

Seti ngapi, na zifuliwe wapi

Seti mbili kwa mtu ni akiba ya uongo. Moja iko mwilini, moja kambani, na damu ikimwagika hakuna ya kubadilisha. Weka seti tatu kwa kila mmoja, ya tatu ikikaa kituoni ndani ya mfuko. Timu ya watu wanane basi ni mashati 24, suruali 24 na vizibao 10, viwili vikiwa vya akiba.

Kituo kinachoweza kununua mashine kifulie hapohapo. Mwongozo wa Uingereza wa nguo za hospitali unataka nyuzijoto 71 kwa dakika 3 au nyuzijoto 65 kwa dakika 10, joto ambalo ndoo ya nyumbani haifiki. Pasipo mashine, vaa glovu nene na aproni, suuza damu kwa maji baridi kwanza, kwa kuwa ya moto huigandisha kwenye nyuzi. Fua kwa sabuni, suuza, kisha loweka dakika 30 kwenye klorini ya asilimia 0.05: kwa jiki ya asilimia 3.5, weka mililita 140 ndani ya ndoo kisha jaza maji hadi lita 10. Ile ya kipimo kimoja kwa maji sita, ambayo ni asilimia 0.5, ni ya sakafu na machela. Ukiitia kwenye sare utazichosha nyuzi na kuua rangi. Mikanda ya reflekta ya suruali nayo itachoka kwa klorini, kwa hiyo suruali isiyo na damu ifuliwe kwa sabuni tu, ikiwa imegeuzwa ndani nje. Anika juani, piga pasi, ruka mikanda.

Yote haya hayaondoi glovu, aproni na miwani. Sare si kinga ya maambukizi, hata iwe nzito.

Kabla ya kukata oda nzima, shona seti moja kwa mwanamume na moja kwa mwanamke, zivaliwe wiki mbili kazini na kufuliwa kila siku. Pima urefu kabla na baada. Na sare zinapostaafu, chana nembo na maandishi yote kabla ya kuzitoa, kwa sababu shati lenye neno AMBULENSI likifika kwenye rundo la mitumba, atakayelinunua anaweza kugonga mlango wowote usiku na kufunguliwa.